Kumnyonyesha Mtoto Mkubwa Ukiwa na Ujauzito Mwingine: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mama anayegundua kwamba ni mjamzito huku mtoto wake bado ananyonya hupewa ushauri kabla hajauomba. Mmoja humwambia aachishe leo hii, kwa kuwa maziwa yake yamekwisha kuharibika na yatambemenda mtoto. Mwingine humwambia kwamba kila mnyonyo unaichokoza mimba mpaka itoke. Maneno hayo husemwa kwa mapenzi, lakini humfanya mama aamue kwa hofu, na mtoto akaachishwa usiku mmoja bila sababu ya maana. Mama mwenye afya njema, ambaye mimba yake inaendelea vizuri, anaweza kuendelea kunyonyesha. Na mama huyohuyo anaweza kuachisha bila kumdhulumu yeyote kati ya watoto wake. Kinachotakiwa ni kujua mambo ya kuangalia, kuyaangalia kwa mpangilio, na kuyarudia kadiri miezi inavyosonga, kwa sababu jibu lililofaa katika mwezi wa pili huenda lisifae katika mwezi wa saba.

Hatua ya kwanza: Thibitisha mimba na ujue umri wake

Mwanamke anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata mara moja tangu ajifungue, kwa sababu yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango cha kutegemewa pale tu mambo matatu yanapokutana: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, kinga hiyo haitegemewi tena. Ndiyo maana wengi hugundua mimba kwa njia ya pembeni: chuchu zilizokuwa zimezoea kunyonywa zinaanza kuuma ghafla, au mtoto anahangaika kwenye titi kana kwamba maziwa hayatoki kama zamani.

Ukishapima na kupata uhakika, nenda kliniki kabla mimba haijafikisha wiki 12. Kama hedhi ilikuwa bado haijarudi, huna tarehe ya kuhesabia, na hapo kipimo cha altrasaundi cha mapema ndicho kinachokadiria vizuri umri wa mimba. Kadiri kinavyocheleweshwa, ndivyo makadirio yanavyozidi kuwa ya kubahatisha. Siku hiyo ya kwanza mwambie mkunga au daktari kwamba unanyonyesha, mtoto ana umri gani, na ananyonya mara ngapi kwa siku. Usisubiri kuulizwa. Mwambie pia dawa zote unazotumia, maana dawa inayofaa kwa mama anayenyonyesha huenda isifae kwa mjamzito, na sasa wewe ni wote wawili.

Hatua ya pili: Pima kama mimba yenyewe inaruhusu

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo ndiyo pia huikaza misuli ya mji wa mimba wakati wa uchungu wa kujifungua. Hofu ya watu inatoka hapo, na si hofu ya kupuuzwa. Kinachosahaulika ni kwamba mji wa mimba hauitikii oksitosini kwa namna moja wakati wote. Kwa sehemu kubwa ya ujauzito, vipokezi vya homoni hiyo kwenye misuli ya mji wa mimba ni vichache, na homoni nyingine, projesteroni, huifanya misuli hiyo itulie; vipokezi huongezeka sana siku za kujifungua zinapokaribia. Kwa hiyo mikazo midogo ambayo mama huisikia wakati wa kunyonyesha, na inayotulia mtoto akiachia titi, kwa kawaida haifungui mlango wa kizazi katika mimba isiyo na matatizo.

Zipo hali ambazo maelezo hayo hayatoshi, na ambazo inafaa mtaalamu aamue pamoja nawe, mara nyingi kwa kusimamisha kunyonyesha: ukiwa umewahi kujifungua kabla ya wiki 37, ukiwa na historia ya mimba kuharibika mara kwa mara, mlango wako wa kizazi ukiwa dhaifu au umeshonwa, kondo la nyuma likiwa limekaa juu ya mlango wa kizazi, ukiwa na mimba ya mapacha, au ukiwa unatokwa na damu ukeni. Kipimo kimoja rahisi kinakusaidia kuelewa hali yako: ukiambiwa na daktari uache tendo la ndoa kwa ajili ya kuilinda mimba, uliza papo hapo kuhusu kunyonyesha, maana sababu inaweza kuwa ileile.

Ukihisi tumbo linakaza wakati mtoto ananyonya, mtoe kwenye titi kwa muda, kunywa maji, lala kwa ubavu na uhesabu. Mikazo ikitulia ndani ya dakika chache, hakuna la kukushtua. Ikiendelea kwa mpangilio, ikiongezeka nguvu, au ikiambatana na damu, maji kutoka ukeni au maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka, nenda hospitali bila kungoja asubuhi.

Hatua ya tatu: Angalia umri wa mtoto anayenyonya

Kwa maoni yangu hili ndilo swali linalopaswa kupewa uzito kuliko yote, na ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu watu wote wanalitazama tumbo.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 anategemea maziwa kwa kila kitu. Mimba ikiingia wakati huo, maziwa yanaweza kupungua kabla hajafika umri wa kula, na yeye ndiye aliye hatarini zaidi, si aliye tumboni. Mpeleke apimwe uzito mara kwa mara, hesabu nepi anazolowesha, na uwe tayari kumwongezea maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Nepi zilizolowa zikipungua chini ya 6 kwa siku, mkojo ukiwa wa rangi nzito, au mtoto akiwa mlegevu na uzito haupandi, huyo hashibi, hata kama anaonekana yuko kwenye titi muda wote.

Mtoto wa miezi 6 hadi 12 amekwisha kuanza chakula, lakini maziwa bado ni sehemu kubwa ya lishe yake. Maziwa ya mama yakipungua sana, anahitaji maziwa mbadala yanayofaa umri wake, na maziwa ya kawaida ya ng'ombe hayafai kuwa kinywaji chake kikuu kabla ya kutimiza mwaka.

Akivuka mwaka mmoja, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Milo 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na vitafunwa mara 1 au 2, inaweza kubeba mahitaji yake, mradi ndani yake mna vyakula vya kujenga mwili na si wanga mtupu. Maziwa ya mama bado yanamfaa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linapendekeza kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, lakini yakipungua pengo hilo linazibika kwa sahani na kikombe.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake bila kuruka hata siku moja, na aulize kliniki anayohudhuria kuhusu kipimo cha wingi wa virusi kabla ya kuamua lolote; ujauzito mpya ni sababu nzuri ya kufanya mazungumzo hayo mapema.

Hatua ya nne: Lisha mwili unaobeba kazi mbili

Wengi huuliza kama mtoto anayenyonya anamnyang'anya chakula yule wa tumboni. Mama akila vya kutosha, hapana. Akiba ikipungua, mara nyingi anayelipa kwanza ni mama mwenyewe: damu inapungua, nguvu zinamwishia, uzito hauongezeki. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mpango huu unakwenda vizuri, jitazame wewe kwanza.

Mjamzito huhitaji takriban kilokalori 340 za ziada kwa siku katika miezi mitatu ya kati, na takriban 450 katika miezi mitatu ya mwisho. Anayemnyonyesha mtoto wa miaka miwili mara mbili kwa siku anahitaji nyongeza ndogo tu juu ya hapo, yaani mlo mdogo mmoja wa maana. Anayemnyonyesha mtoto wa miezi minane usiku na mchana anahitaji zaidi. Kunywa maji kwa kufuata kiu, na weka chombo cha maji pale unapokaa kunyonyesha, maana kiu huja mara tu mtoto anapoanza kuvuta.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki usiviache. Kiwango kinachopendekezwa kwa wajawazito ni miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, na ukipimwa na kukutwa na upungufu wa damu utaongezewa. Chai na kahawa zisiandamane na vidonge hivyo, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Ukitapika kiasi cha kushindwa kuhifadhi chakula, au uzito ukashuka badala ya kupanda, punguza minyonyo bila kujilaumu na umwone daktari.

Hatua ya tano: Jitayarishe kwa maumivu, na kwa hisia usizozitarajia

Maumivu ya chuchu ya miezi ya kwanza yanaletwa na homoni, kwa hiyo mafuta ya kupaka hayayaondoi. Yanapunguzwa kwa mambo madogo. Hakikisha mtoto anafungua kinywa wazi kabla ya kushika titi, kwa sababu watoto wakubwa huwa wazembe na hunyonya huku wamening'inia kwenye ncha, wakitazama huku na kule. Ukitaka kumtoa, ingiza kidole kisafi kwenye pembe ya mdomo wake ili mfyonzo uachie, usimvute. Fupisha muda: mwambie kwamba atanyonya mpaka uhesabu hadi kumi, kisha hesabu polepole au haraka kulingana na unavyovumilia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaielewa hesabu hiyo kuliko unavyodhani, na wengi huachia wenyewe kwenye tisa.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni chuki inayoweza kukupanda mtoto anapogusa titi. Si maumivu. Ni kama mwili mzima unataka kumsukuma, meno yanauma kwa kukazwa, na dakika moja baadaye, akishashuka mapajani, unajisikia vibaya kwa kuwa unampenda. Nimepitia hali hiyo katika ujauzito wangu wa pili, na kwa wiki kadhaa niliificha nikidhani ni upungufu wangu wa upendo. Ni hali inayowapata wanawake wengi wanaonyonyesha wakiwa wajawazito, na huzidi ukiwa na njaa, usingizi au joto. Ikikupata, fupisha minyonyo, punguza ile ya usiku kwanza, na mwombe mtu mwingine wa nyumbani achukue zamu ya kumlaza mtoto. Ikiwa inakuja kila mara na inakufanya umwogope mtoto wako mwenyewe, hiyo peke yake ni sababu halali ya kuachisha.

Hatua ya sita: Elewa maziwa yanavyobadilika

Projesteroni na estrojeni za ujauzito huzuia matiti kutengeneza maziwa mengi. Wanawake wengi huona upungufu huo ukifika kati ya mwezi wa nne na wa tano, wengine mapema zaidi. Hapa wengi hupoteza pesa na nguvu kwa kutafuta dawa za kuongeza maziwa, au kwa kukamua kutwa nzima. Haisaidii, kwa kuwa kinachoyazuia ni mimba yenyewe, na baadhi ya mitishamba inayouzwa kwa kazi hiyo si salama kwa mjamzito.

Takriban kuanzia wiki ya 16 matiti huanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya mwanzo, mazito na yenye umanjano, anayoandaliwa mtoto mchanga. Chumvi ndani yake huongezeka na sukari hupungua, hivyo ladha inabadilika. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa wakati huo. Jioni moja alinyonya kidogo, akaachia, akaitazama chuchu kwa makini, akahamia upande wa pili, akavuta mara tatu nne, kisha akaniambia, "Hamna." Akaishusha blauzi yangu mwenyewe, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayefunga mlango, akaenda kucheza. Nilidhani ndiyo mwisho. Kesho yake usiku alirudi, akanyonya dakika mbili bila kulalamika, na hivyo ndivyo tulivyoendelea hadi mdogo wake alipozaliwa.

Wapo watoto wanaoacha kabisa kipindi hiki, na wapo wanaoendelea hata kama hakuna kinachotoka, kwa sababu wanachokitafuta ni utulivu. Anayeendelea anaweza kupata choo laini, kwa kuwa dang'a hulainisha tumbo. Hilo si ugonjwa wala si dalili kwamba maziwa yameharibika. Lakini choo cha majimaji kinachorudiarudia, chenye damu au kinachoambatana na homa ni kuhara kama kuhara kwingine na kitibiwe. Wala usiogope kwamba mkubwa atamaliza dang'a ya mdogo, kwa sababu matiti huendelea kuitengeneza hadi baada ya kujifungua.

Tumbo likishakua, paja linapotea. Lala kwa ubavu mtoto akiwa mbele yako, au akae pembeni yako kwenye mto, au apige magoti kando ya kochi. Asikukalie tumboni, na mguu wake usiachwe ukipiga mateke anapozama kwenye usingizi.

Hatua ya saba: Ukiamua kuachisha, achisha polepole

Hali ya mimba isipodai kuacha mara moja, ondoa mnyonyo mmoja, subiri siku kadhaa hadi wiki moja, ndipo uondoe mwingine. Anza na ule anaoujali kidogo, kwa kawaida wa mchana, na ule wa kulala uwe wa mwisho. Usimpe bila kuomba, usimkatalie kwa ukali akiomba. Mpe chakula au maji kabla ya muda aliozoea kunyonya, badilisha mahali mnapokaa, na uzae desturi nyingine ya kulala kabla hujaiondoa ile ya titi: hadithi, wimbo, kukunwa mgongo.

Kupaka kitu kichungu au kikali kwenye chuchu, au kumpeleka mtoto alale kwingine ghafla ili asahau, sikushauri. Anayepoteza titi na mama kwa siku moja hajui kwamba amepoteza kimoja tu. Kama unaweza, maliza kumwachisha miezi miwili hivi kabla ya kujifungua, ili asimwone mtoto mchanga kama mtu aliyekuja kumpokonya.

Matiti yakijaa na kuuma, kamua kidogo ya kupunguza shinikizo tu. Sehemu ya titi ikiwa nyekundu, ya moto na yenye maumivu makali, nawe ukapata homa na kutetemeka, huo ni uvimbe wa titi unaohitaji matibabu haraka.

Hatua ya nane: Ukifika hadi kujifungua ukiwa bado unanyonyesha

Kuanzia siku ya kuzaliwa, mchanga ananyonya kwanza. Anahitaji kuwekwa kwenye titi ndani ya saa moja ya kwanza, kisha mara 8 hadi 12 kwa kila saa 24, na dang'a ya siku zile za mwanzo ni yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkubwa asubiri mdogo amalize. Mweleze jambo hilo kabla ya kujifungua, kwa maneno machache na kwa kurudia, ili lisimkute kama adhabu. Tarajia pia maumivu ya tumbo unaponyonyesha siku za kwanza. Mji wa mimba unajikaza kurudi mahali pake, na kwa uzazi wa pili na kuendelea maumivu hayo huwa makali zaidi.

Maziwa yakishajaa, kati ya siku ya pili na ya tano, mkubwa anakuwa msaada, maana anaweza kulegeza titi lililojaa kiasi kwamba mchanga hawezi kulishika. Huna haja ya kuosha matiti kati ya mtoto mmoja na mwingine. Isipokuwa mkubwa akiwa na vidonda au utando mweupe mdomoni: hapo mzuie kwanza, mkatibiwe. Kunyonyesha wote wawili kwa wakati mmoja kunaokoa muda, lakini wengi hukuchukia, na unaweza kuwapa zamu kila siku bila hasara yoyote.

Usimpime mchanga kwa macho. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini afikapo wiki mbili awe ameurudia uzito aliozaliwa nao. Asipoufikia, mzuie mkubwa kwa siku kadhaa, mwache mchanga anyonye kila anapotaka, na umpeleke kliniki siku hiyohiyo.